Siku nne Tiwi ndani ya gari la kulala: beba feni, acha blanketi

Kwenye kabati la gari nilikuta mablanketi mawili mazito yamekunjwa vizuri, na chupa ya chai juu yake. Feni hakuna. Ningekuwa makini ningeng'amua palepale Nairobi, kabla sijatia sahihi, kwamba aliyeliandaa gari hili alikuwa akiwaza Naivasha na Nanyuki. Mimi nilikuwa naliteremsha Pwani mwezi wa pili, joto la kaskazi likiwa limekolea.

Gari lenyewe ni Toyota HiAce iliyong'olewa viti vya nyuma ikatiwa kitanda cha kukunjua, jiko la gesi la mafiga mawili, friji ndogo na tangi la maji la lita 40. Nililipa shilingi 11,000 kwa siku, na amana ya 30,000. Tulikuwa watatu: mimi, mama watoto na binti yetu wa miaka saba. Kitanda kinatosha watu wawili na nusu, na hiyo nusu ina mateke.

Tulitoka saa kumi alfajiri. Nairobi hadi Mombasa ni kilomita kama 480, na gari lililobeba jiko na maji halina haraka, hasa likiwa nyuma ya malori yaliyofuatana kama siafu. Chai Mtito Andei. Mackinnon Road tukasimama kwenye msikiti wa Sayyid Baghali, kama wafanyavyo wasafiri wengi, mama watoto akatoa sadaka. Miritini tukaingia barabara ya Dongo Kundu, tukatokea Kwale bila kuiona feri. Aliyewahi kupanga foleni Likoni saa nane mchana anajua hiyo ni neema ya namna gani.

Tiwi tuliingia jua likielekea kuzama. Nikachagua kivuli kizuri cha minazi hatua chache kutoka ufukweni, nikazima gari. Mzee anayelinda kambi akaja polepole na tochi yake. "Bwana, umeegesha chini ya nazi. Zikianguka usiku hazibishi hodi." Nikarudi nyuma kwa haraka, na tairi zikazama mchangani. Vijana wawili wakaja kusukuma, tukapunguza upepo wa tairi za nyuma na kutandika makuti makavu, ndipo tukatoka hadi chini ya mvinje. Pampu ya kurudishia upepo haikuwamo garini, kwa hiyo kesho yake nilijikokota hadi kituo cha mafuta Ukunda.

Usiku ule wa kwanza sitausahau. Madirisha ya nyuma hayafunguki. Ya mbele yanafunguka lakini hayana wavu. Kwa hiyo una hiari yako: jasho au mbu. Tulianza na jasho, tukahamia kwa mbu, tukarudi kwenye jasho. Saa nane usiku nilitoka na mkeka nikalala nje, upepo wa bahari ukinipuliza, na nilikuwa nalipia kitanda. Ukunda nikanunua chandarua na feni ya kuchaji, tukabana chandarua mlangoni kwa vibanio vya nguo, na kuanzia hapo tukalala kama watu.

Sasa niseme la haki. Asubuhi unapofungua mlango wa nyuma ukakuta bahari iko palepale, ungali na shuka mwilini, hakuna hoteli itakayokupa hivyo. Tulikuwa kwenye bamvua, mwezi mpevu. Saa nne asubuhi maji yalikuwa yamekupwa mpaka mwamba wote uko wazi, madimbwi yamebaki yana samaki wadogo ndani. Binti yangu aliona kiti cha pweza kwa mara ya kwanza na akakataa kuamini kwamba ni mnyama. Vaeni viatu, kuna wale wenye miiba myeusi. Na msisahau kurudi: maji ya bamvua yakianza kujaa hayakusubiri umalize picha.

Wavuvi hupita na samaki. Tulinunua changu wawili na nazi tatu, mama watoto akitaka kupika samaki wa kupaka. Akafungua droo za jikoni: kifungulia mvinyo kipo, koleo la saladi lipo, mbuzi hakuna. Nazi utaikuna na nini? Ilibidi twende kwa mama anayeuza mahamri pale njiani, akatuazima mbuzi yake akicheka. Mahamri na mbaazi zake tulikula kila asubuhi, na kusema kweli jiko la gesi tuliliwasha mara tatu tu.

Friji ilifanya kazi siku ya kwanza, kisha betri ya pili ikafa na waya wa umeme haukufika kwenye soketi ya kambi. Barafu tulinunua. Mkate na ndizi walichukua tumbili, na hilo ni kosa letu, mlango ulikuwa wazi.

Kuhusu pesa: ukijumlisha kodi, mafuta na ada ya kambi, unapata chumba cha kawaida Diani chenye feni. Asikwambie mtu kwamba ni rahisi. Na tuliporudisha gari walikata 3,000 kwenye amana kwa sababu ya mchanga sakafuni. Tangazo lao lina picha ya gari hilohilo limesimama juu ya mchanga.

Nyota tatu kati ya tano, na zote tatu ni za asubuhi. Ningekodi tena, ila mwezi wa nane, wakati wa kusi: bahari huchafuka na mwani huwa mwingi, lakini usiku una ubaridi. Nimewaandikia kuuliza kama kufikia wakati huo watakuwa wametia wavu madirishani. Wamenijibu kwamba mablanketi mapya yamefika.