Roma hadi Venezia kwa reli: treni ya mwendokasi au treni ya mikoa?

Treni za mwendokasi, yaani Frecciarossa za Trenitalia, kampuni ya reli ya serikali ya Italia, na zile za Italo, kampuni binafsi iliyoanza safari mwaka 2012, hutoka Roma hadi Firenze kwa muda wa saa moja na nusu hivi, ilhali treni ya mikoa huhitaji zaidi ya saa tatu. Nauli ya mwendokasi kwa kawaida hupanda kadiri siku ya safari inavyokaribia, na kila abiria hupangiwa kiti. Ya treni ya mikoa hufuata umbali, hata ukinunua dakika ya mwisho (tiketi ya karatasi, hata hivyo, sharti igongwe muhuri mashineni kabla ya kupanda, la sivyo utatozwa faini).

Kwa mpenzi wa historia, jambo zito zaidi ni vituo. Treni ya mikoa husimama Orvieto, ambako kigari kinachovutwa kwa kebo hukupandisha kutoka stesheni hadi mji wa kilimani wenye kanisa kuu lililoanza kujengwa mwaka 1290, kisha Arezzo, penye michoro ya ukutani ya Piero della Francesca katika kanisa la San Francesco. Treni nyingi za mwendokasi huipita miji hiyo bila kusimama.

Kati ya Firenze na Bologna ningechagua mwendokasi bila kusita, ingawa njia yake karibu yote imo ndani ya mahandaki na hakuna mandhari ya kutazama. Kutoka Bologna hadi Venezia, treni ya mikoa inatosha, nayo hupitia Ferrara na Padova.