Mayai 19 kwenye tangi: nilivyogandisha mayai Nairobi nikiwa na miaka 27

Oktoba 2021 nililipa shilingi 385,000 nigandishiwe mayai ya uzazi. Nilikuwa na miaka 27, sina ugonjwa, hedhi yangu inakuja kwa tarehe yake, mchumba sina. Kwetu ni Mombasa ila kazi iko Nairobi, mimi ni mhasibu kwenye kampuni ya kutoa mizigo bandarini. Tangu hapo kila mwaka nalipia 30,000 za kuhifadhi. Wasichana wengi huniuliza kama huduma ile ni nzuri, na jibu langu halitoshi kwenye idadi ya nyota, kwa hiyo naliandika hapa lote. Kliniki sitaitaja.

Kilichonivuta ni kipimo cha bure. Walitangaza Jumamosi ya wanawake walio chini ya miaka 30: unatolewa damu, inapimwa homoni ya AMH, unaambiwa akiba yako ya mayai ikoje. Neno hilo akiba lilinishika, maana kazi yangu ni vitabu vya hesabu. Nilikwenda na mwenzangu wa ofisini. Majibu yangu yalitoka juu. Nikajua nitaambiwa nenda nyumbani, mama, tulia. Dada aliyenipokea, ambaye beji yake kifuani iliandikwa "Mshauri", akaniambia, "Dadangu, wakati ndio huu, yatapatikana mengi." Majibu ya mwenzangu yalitoka chini. Naye akaambiwa wakati ndio huu, ukichelewa utayakosa. Tulipokutana kwenye ngazi tukalinganisha karatasi zetu, tukaona kwamba majibu mawili yaliyopingana yamezaa ushauri mmoja.

Mwenzangu alilia kwenye matatu mpaka tukafika mjini. Alikuwa ameshaamini kwamba hatazaa. Baadaye sana ndipo nilipojifunza kwamba AMH haisemi hivyo hata kidogo. Inakisia ni mayai mangapi yatapatikana ukichomwa sindano za kuyakuza. Kuhusu kushika mimba kwa njia ya kawaida, utafiti uliotoka Marekani mwaka 2017, wa wanawake wa miaka 30 hadi 44 wasio na historia ya ugumba, ulikuta kwamba wenye AMH ya chini walishika mimba sawa na wenzao. Mshauri yeyote wa uzazi anapaswa kulijua hilo. Kumpima msichana bure, kumtia hofu, kisha kumwelekeza dirisha la malipo, hilo kwangu ni kosa la kitabibu hata kama sindano zote zilizofuata zilichomwa kwa ustadi.

Nami nikalipa. Kisa cha kulipa hakikuwa cha kipumbavu, na sitaki mtu yeyote awacheke wanaolipa. Shangazi yangu aliolewa na miaka 38 akahangaika miaka sita, nikamwona anavyoulizwa kwenye kila arusi. Yai la miaka 27 ni bora kuliko la miaka 37, hilo ni kweli. Kuna hesabu ya madaktari wa Marekani, ya 2017 pia, inayokadiria kwamba ili kuwa na nafasi ya asilimia 75 ya kupata mtoto mmoja, anayegandisha akiwa na miaka 34 anahitaji mayai kama 10, wa miaka 37 anahitaji 20, wa miaka 42 anahitaji 61. Daktari alinionyesha hesabu hiyo kwenye kompyuta yake, na hakunidanganya.

Ila kuna upande wa pili ambao hakuufungua. Mwanamke wa miaka 27 mwenye afya ndiye huyohuyo mwenye nafasi kubwa zaidi ya kuzaa bila kuyagusa mayai ya kwenye tangi. Wengi wa wanaogandisha hawarudi kuyachukua. Kwa hiyo unauziwa kitu kilicho bora kabisa katika umri ambao huenda usikihitaji kabisa, na gharama yake inalipwa na mwili usioumwa. Ufaransa iliporuhusu jambo hili mwaka 2021 iliweka mipaka ya umri, kuanzia miaka 29 hadi 37. Ningekuwa kule wangeniambia nirudi baada ya miaka miwili. Hapa nilipokewa siku hiyohiyo, na mtu pekee aliyenishauri ndiye aliyenipa namba ya akaunti.

Sasa huduma yenyewe. Sindano nilijichoma mwenyewe siku 10, saa mbili usiku, tumboni chini ya kitovu. Dawa zilikaa kwenye friji tunayochangia na wenzangu, nyuma ya chupa ya maziwa lala, na kila jioni nilingoja waingie vyumbani kwao. Nesi aliyenifundisha alikuwa mama mtu mzima, mpole, aliniwekea kidole changu juu ya ngozi akasema, "Bana hapa, mwanangu, vuta pumzi, usiitazame." Kila nikienda kupigwa altrasaundi alinihesabia vijifuko vya mayai kwa sauti. Huyu mama ndiye sababu ya mimi kumaliza siku zile bila kuvunjika moyo.

Siku ya tano, kwenye benchi la kungojea, nilikaa na binti wa miaka 21. Alikuwa mwanafunzi wa chuo. Tulikuwa na mfuko uleule wa dawa, sindano zilezile, saa ileile. Akaniuliza, "Dada, wewe unatoa kwa shilingi ngapi?" Nikamwambia mimi sitoi, najiwekea. Akanyamaza kidogo, akasema yeye anampa mama mwingine mayai yake, analipwa akishatolewa, ndiyo karo ya muhula. Nikamuuliza kama amesomewa hatari zake. Akasema alipewa karatasi atie sahihi. Mimi nilikaa na daktari dakika 40 nikieleza hofu zangu kwa sababu mimi ndiye mteja. Yeye mteja wake ni mtu mwingine ambaye hatamwona, na dawa zile ni nzito kwake kama zilivyo nzito kwangu. Nilitamani nimpe namba yangu ya simu, akaitwa ndani, sikumwona tena.

Siku mbili baadaye mimi mwenyewe nikaombwa. Nilikuwa nimeuliza kama naweza kulipa salio kwa awamu. Mshauri akasogeza kiti, akasema ipo njia: nusu ya mayai nikimpa mama mwingine, gharama yote inafutwa. Nilikuwa nimevimba, nina deni, sindano zimebaki tatu. Hiyo si saa ya kumuuliza mtu swali kama hilo. Sijamhukumu mwanamke anayekubali kwa moyo wake. Kwangu mimi kuna suala la nasaba, siwezi kuwa na mtoto mjini nisiyemjua wala asiyenijua. Lakini hata asiye na dini yangu anastahili kuulizwa mapema, kabla ya senti moja kutoka, na mtu asiyepata kitu kwa jibu lake.

Mama yangu, nilipomweleza, jambo la kwanza aliloniuliza lilikuwa hilohilo: "Na yakichanganyika?" Hakutulia mpaka ustadhi wetu alipomfafanulia fatwa ya mwaka 2019 ya Dar al-Ifta, taasisi ya kutoa fatwa ya Misri, kwamba mwanamke anaruhusiwa kuhifadhi mayai yake kwa masharti, na kubwa kati yake ni kwamba yarutubishwe kwa mbegu za mumewe tu, ndoa ikiwa bado ipo, na yalindwe yasichanganywe na ya mtu mwingine. Mama akasema basi, nataka kulijua hilo tangi.

Nikaomba kuliona, wakanikubalia, na hapa nawapa sifa zao kamili. Kijana wa maabara alinipokea, akanivalisha koti na vifuniko vya viatu. Tangi lenyewe lina ukubwa wa pipa la maji. Alipoinua kifuniko moshi mweupe ulifurika ukamwagika mpaka sakafuni. Ndani kuna nitrojeni ya majimaji, nyuzi 196 chini ya sifuri. Akatumbukiza kijiti kirefu, akakitoa, akanionyesha mstari wa barafu ulipofika: ndivyo wanavyopima kina, asubuhi na jioni, na kila kipimo kimeandikwa kwa kalamu kwenye daftari lenye sahihi. Nikamuuliza umeme ukikatika itakuwaje. Akasema tangi halitegemei umeme, baridi yake ni ile nitrojeni, kinachotegemea umeme ni king'ora, nacho kina betri yake na kinapiga simu za watu watatu. Nikamtajia Machi 2018, Marekani, matangi ya kliniki mbili, Cleveland na San Francisco, yaliharibika wikiendi moja, na kule Cleveland pekee mayai na viinitete zaidi ya 4,000 vikapotea. Hakukasirika. Alikuwa anaijua habari hiyo kwa undani kuliko mimi, na akanionyesha kwamba mayai ya kila mteja wameyagawa kwenye matangi mawili.

Fomu ya ridhaa ilikuwa kurasa 11. Ukurasa wa tisa ulisema malipo yakichelewa miezi mitatu, kliniki "itaamua matumizi ya mayai." Nilikataa kutia sahihi. Nikaandika kwa mkono kwamba yatupwe, asipewe mtu wala utafiti, na nikifa iwe hivyohivyo. Meneja aliisoma, akaigongea muhuri bila ubishi. Soma kila ukurasa, dada yangu. Wangapi wametia sahihi ule wa tisa bila kuugundua?

Siku ya kutolewa nilipigwa nusukaputi, nikaamka nikaambiwa yamepatikana 23, yaliyokomaa ni 19. Chumba kizima kikanipongeza. Mshauri akasema nimebarikiwa. Hakuna aliyeniambia kwamba wingi ule ndio hatari yenyewe. Msichana mwenye akiba kubwa, ovari zake zikichochewa, zinaweza kuvimba kupita kiasi na maji yakaanza kuvuja na kujaa tumboni. Kuna namna mbili za sindano ya mwisho ya kukomaza mayai, na kwa mtu wa namna yangu ile isiyo ya hCG, yaani homoni ya mimba, hupunguza hatari hiyo sana. Mimi nilichomwa hCG. Sikuulizwa, sikuelezwa.

Ilikuwa Ijumaa. Jumamosi usiku dera langu la kulalia lilikuwa linanibana. Jumapili asubuhi nilipanda mizani, nimeongezeka kilo nne kwa siku mbili, mkojo haba na mweusi kama chai ya rangi, nikilala chali pumzi haifiki. Nilipiga ile namba ya dharura iliyoandikwa kwa wino mwekundu kwenye karatasi yao. Nilipiga mara 14, bado ninazo picha za simu yangu. Haikupokelewa. Mwenzangu, yuleyule aliyelia kwenye matatu, ndiye aliyeniita teksi akanipeleka hospitali nyingine, nikalazwa siku tatu, nikatolewa maji tumboni kwa sindano ndefu. Bima ya kazini ilikataa kulipa kwa hoja kwamba sikuwa mgonjwa, nimejitakia. Shilingi 118,000 zikatoka kwa Mama, pesa za kuezeka nyumba.

Jumatatu kliniki ilinipigia kuniuliza kama ningependa kuacha maoni mazuri kwenye ukurasa wao. Yule nesi mtu mzima, aliposikia, alikuja wodini baada ya zamu yake na chupa ya uji, akakaa kando ya kitanda akanishika mguu. Hakusema mengi. Daktari alikuja kesho yake, akaomba radhi kwa heshima, akakiri kuhusu sindano. Kuhusu simu alisema inashughulikiwa.

Kwa hiyo ukiniuliza: maabara yao naiamini, ndiyo maana sijahamisha kitu. Manesi ni watu. Kama una miaka 33, 34, au unakwenda kuanza matibabu ya saratani yatakayoharibu ovari, nenda, na uwaulize ni sindano gani ya mwisho watakuchoma na nani atapokea simu Jumapili. Kama una miaka 25 na wasiwasi umeletwa na tangazo, usipime AMH ya bure. Kamwone daktari wa wanawake ambaye hana tangi. Na wanaoendesha kliniki hizi, mtoeni yule mshauri kwenye dirisha la malipo, mpeni ofisi yake na mshahara usiotegemea nani amekubali.

Kabla ya kuandika haya nilitaka kuwatendea haki. Jumapili iliyopita, saa tatu asubuhi, niliipiga tena ile namba ya wino mwekundu. Iliita mpaka ikakatika.