Pasi za kuruka foleni: lipia mlango, usilipie miadi

Ujumbe mwingi ninaoupokea siku hizi kuhusu bustani kubwa za burudani, kama za Disney na Universal kule Marekani, una kilio kilekile. Mama mmoja aliingia na watoto karibu saa sita mchana, akakuta foleni ya mchezo waliokuja kuupanda ni ya saa mbili. Akatoa simu, akalipia pasi ya kuruka foleni kwa familia nzima. Malipo yalipokamilika, simu ikamwelekeza arudi saa moja na nusu usiku. Wanawe hulala saa mbili. Msomaji mwingine alinunua pasi ya daraja la chini kabisa, akangoja dakika zilezile walizongoja wasiolipa, ila yeye alingojea kwenye benchi. Wote wawili waliniuliza jambo moja: nimelipia nini hasa?

Miongozo mingi hupanga pasi hizi kwa bei, au kwa idadi ya michezo iliyomo. Mimi sitafanya hivyo. Bei utaiona mwenyewe na orodha ya michezo utaisoma mwenyewe. Ninachokipima ni kimoja: ukishalipa, unaweza kwenda kwenye mchezo sasa hivi, au unapangiwa saa ya kurudi?

Kasoro isiyoandikwa kwenye bango

Kila mchezo una kiwango chake cha watu kwa saa. Rola kosta kubwa, yale magari ya reli yanayopanda na kushuka kwa kasi, ikiendeshwa vizuri hupakia watu kati ya elfu moja na elfu mbili hivi kwa saa, na hakuna pasi inayoongeza kiti hata kimoja. Kinachouzwa ni zamu. Bustani ina njia mbili za kuuza zamu hiyo. Ya kwanza ni kupandisha bei mpaka wanunuzi wapungue, kisha kila aliyenunua aende muda wowote anaotaka. Hiyo naiita pasi ya mlango. Ya pili ni kuuza kwa bei nafuu zaidi kwa watu wengi, kisha kuwatawanya kwenye saa mbalimbali za siku ili wasifike kwa pamoja. Hiyo ni pasi ya miadi. Ni kama kwa daktari: hela ya kumwona umeshatoa, lakini anayepanga saa ni yeye.

Miadi inakula siku yako kwa namna ambazo huzioni unapolipa. Saa nzuri za mchezo unaopendwa huondoka asubuhi na mapema, na anayenunua mchana anagawiwa makombo. Miadi yako ya saa tano iko upande wa mashariki wa bustani, ya saa sita iko magharibi, kwa hiyo unalivuka eneo zima na kulirudia, juani, na mtoto mgongoni. Chakula unakula pale ratiba inaporuhusu. Mzazi mmoja anageuka karani wa simu kutwa nzima, macho kwenye kioo, akiogopa betri isizime, na yeye ndiye aliyetoa pesa ili akae na wanawe.

Halafu kuna hali ya hewa. Orlando, Florida, majira ya joto yana radi karibu kila alasiri, na radi ikikaribia, michezo ya nje husimamishwa. Mwenye pasi ya mlango anaingia kwenye mchezo wa ndani, mvua ikiisha anarudi nje. Mwenye miadi anaona saa yake ikipita mbele ya geti lililofungwa. Disney huwa wanampa pasi mbadala ya kutumia baadaye, na hilo ni jambo jema, lakini wote waliokwama hurudi kwa wakati mmoja mchezo ukifunguliwa. Njia ya haraka hapo haina haraka yoyote.

Ya kwanza: Universal Express Unlimited

Sifichi upande wangu. Kati ya pasi zote zinazouzwa kwenye bustani kubwa, hii ndiyo ninayowaambia watu wainunue. Haina saa ya kurudi. Unafika kwenye mchezo, unaonyesha pasi, unaingia njia ya Express. Ukitaka kurudia mara tatu, rudia mara tatu. Iko pia Express ya kawaida, inayokupa mara moja tu kwa kila mchezo, na kwa siku isiyo na watu wengi hiyo inatosha. Hata hivyo, kwa familia yenye kijana anayetaka kurudia mchezo mpaka achoke, Unlimited ndiyo inayoleta amani.

Faida yake kubwa haiko hata kwenye ukurasa wa pasi, iko kwenye ukurasa wa hoteli. Ukilala Portofino Bay, Hard Rock Hotel au Royal Pacific, zote za Universal Orlando, kila mgeni wa chumba hicho anapata Express Unlimited ya Universal Studios Florida na Islands of Adventure bila kuinunua kando, kuanzia siku ya kufika hadi siku ya kuondoka. Maana yake, usiku mmoja unakupa siku mbili. Mkiwa wanne, chukueni bei ya chumba kwa usiku mmoja muilinganishe na bei ya pasi nne mara siku mbili, halafu mwamue. Siku za msimu pasi moja inaweza kuzidi bei ya tiketi ya kuingilia, kwa hiyo hesabu hii si ya kuachwa. Tiketi za kuingilia bustanini bado mtazinunua, na faida hii haihusu Epic Universe, bustani yao mpya iliyofunguliwa Mei 2025. Nimeona watu wakiweka nafasi ya hoteli kwa ajili ya Epic wakidhani Express imo. Haimo.

Mipaka yake niiseme. Si kila mchezo uko kwenye Express. Hagrid's Magical Creatures Motorbike Adventure ilipofunguliwa Juni 2019, na VelociCoaster ilipofunguliwa Juni 2021, zote zilianza bila Express, na ndizo watu walizozitaka kuliko nyingine zote. Orodha hubadilika, kwa hiyo isome ya siku yako. Vilevile Express haikurukishi kabati za mizigo wala vitambuzi vya chuma, na kwenye michezo mikubwa hapo dakika zinaondoka.

Ya pili: Fast Lane

Ilianza Kings Island, Ohio, mwaka 2011, ikaenea kwenye bustani nyingine za Cedar Fair, kampuni iliyoungana na Six Flags Julai 2024. Unavaa mkanda mkononi, unaingia. Hakuna simu, hakuna saa, hakuna kuwahi alfajiri. Mahali kama Cedar Point, bustani iliyoko Sandusky, Ohio, ambako watu huenda kwa ajili ya rola kosta na si kitu kingine, mpangilio huu ni sahihi kabisa. Angalizo langu ni daraja: kwa miaka mingi Fast Lane ya kawaida imeacha nje michezo mikubwa zaidi na kuiweka kwenye Fast Lane Plus. Anayesafiri mpaka Sandusky kwa ajili ya rola kosta ya Steel Vengeance, kisha akanunua mkanda usioiruhusu, amelipia michezo ambayo foleni zake angezivumilia bila mkanda. Nunua daraja linaloujumuisha mchezo unaoutaka, au usinunue kabisa.

Ya tatu: Premier, kwa wenye uwezo

Disney nao wanajua kutengeneza pasi ya mlango. Oktoba 2024 walileta Lightning Lane Premier Pass: mara moja kwa kila mchezo wenye Lightning Lane, yaani njia yao ya haraka ya kulipia, saa unayotaka wewe. Disneyland Paris wana kitu cha namna hiyo, Premier Access Ultimate. Zinafanya kazi kama inavyopaswa. Ila pale Walt Disney World, yaani bustani zao nne za Florida, Premier Pass ilianza kwa bei ya dola 129 hadi 449 kwa mtu mmoja, kwa bustani moja, kwa siku moja, kutegemea tarehe. Familia ya watu wanne kwenye Magic Kingdom, mojawapo ya hizo nne, siku ya kilele inakaribia dola 1,800 kabla ya kodi, na tiketi za kuingilia bado hazimo. Siwezi kuiweka juu zaidi ya hapa.

Ya nne: Lightning Lane Multi Pass

Hii ndiyo inayonunuliwa sana na kueleweka vibaya kuliko zote, ndiyo maana nitakaa nayo.

Multi Pass ni miadi mitupu. Walt Disney World inakuruhusu kuchagua michezo hadi mitatu kabla ya siku yenyewe, kila mmoja ukiwa na kipindi cha saa moja cha kurudi. Wanaolala kwenye hoteli za Disney wanaanza kuchagua siku 7 kabla, wengine karibu wote siku 3 kabla, na dirisha linafunguka saa moja kamili asubuhi kwa saa za Florida. Soma tena namba hizo mbili. Anayelala nje anaingia sokoni siku 4 nyuma ya mwenzake, na wote wanalipia pasi yenye jina moja. Saa nzuri zitakuwa mikononi mwa nani?

Isitoshe, kwenye bustani tatu kati ya nne michezo imegawanywa makundi: unaruhusiwa mmoja tu wa kundi la juu, na miwili ya kundi la chini. Mchezo ukishautumia hauurudii kwa pasi hiyo siku hiyo. Na ile inayotafutwa zaidi, kama TRON Lightcycle / Run au Star Wars: Rise of the Resistance, iliondolewa ikauzwa peke yake kama Single Pass, nayo pia kwa miadi. Mtu anayesema "nimenunua pasi ya Disney" bado hajasema amenunua nini.

Je, haifai kabisa? Inafaa kwa mtu wa aina moja: anayelala hotelini kwao, aliye tayari kuamka kuchagua siku 7 kabla, mwenye watoto wanaofuata ratiba. Chagua miadi ya mapema iwezekanavyo, kwa sababu ukiingia kwenye mchezo wa kwanza ndipo unaruhusiwa kuchagua mwingine. Miadi mitatu ya jioni inamaanisha umefungiwa siku nzima. Na wapime watoto urefu kabla ya kulipa: TRON inataka sentimita 122, Avatar Flight of Passage inataka 112. Bustani haitakuzuia kumlipia mtoto pasi ya mchezo atakaokataliwa mlangoni.

Tokyo wana Disney Premier Access, iliyoanza Mei 2022, inayouzwa mchezo mmoja mmoja ukishaingia bustanini. Nayo ni miadi, lakini ina uaminifu ambao Multi Pass haina: unaiona saa, unaijua bei ya mchezo huo mmoja, unakubali au unaacha.

Ya mwisho: Flash Pass ya daraja la chini

Kwa miaka mingi Six Flags wameuza Flash Pass kwa madaraja. Ya chini inakushikia nafasi kwa muda uleule wa foleni ya kawaida, Gold inapunguza hadi nusu, Platinum inapunguza hadi asilimia 90. Kama ni Platinum, sawa. Ile ya chini sioni kwa nini mtu aitolee pesa. Haikurukishi foleni, inakutoa tu kwenye mstari.

Njia za bure nazitaja haraka. Kuwa getini kabla ya kufunguliwa kunashinda pasi nyingi za miadi kwa saa ya kwanza. Njia ya mtu mmoja mmoja, pale ilipo, inafaa kwa wanaokubali kutenganishwa. Na wazazi wenye mtoto mfupi, ulizeni kubadilishana zamu: mmoja anapanda, mwingine anabaki na mtoto, kisha anaingia bila kupanga foleni upya. Disney na Universal wote wanaruhusu bila malipo.

Kuhusu bei

Hapa nina uchungu, na nitausema. FastPass ya Disney ilianza mwaka 1999 ikiwa bure. Ulichomeka tiketi kwenye mashine, ikakutolea karatasi yenye saa ya kurudi. Ilikuwa miadi, ndiyo, lakini ya bure, na aliyekuja na akiba ndogo aliipata sawa na mwenye hela. Mwaka 2017 kule California wakaongeza MaxPass, dola 10, ili uchague kwa simu. Oktoba 2021 FastPass haikuwepo tena na Genie+, pasi ya kulipia ya kuchagua kwa simu, ikaanza Florida kwa dola 15. Mwaka uliofuata bei ikawa inabadilika kwa tarehe, na Krismasi ya 2023 ikavuka dola 35 kwa Magic Kingdom. Julai 2024 wakabadilisha jina likawa Lightning Lane Multi Pass. Kilichokuwa haki ya kila mwenye tiketi kimekuwa bidhaa, na asiyeinunua hakubaki pale alipokuwa. Pale njia mbili zinapokutana, mfanyakazi huruhusu kundi kubwa la wenye pasi kisha wachache wa foleni ya kawaida. Kadiri pasi zinavyouzwa, ndivyo foleni ya kawaida inavyokuwa nzito, na ndivyo anayesimama humo anavyoshawishika kununua. Bustani inapata faida pande zote mbili za kamba.

Bei zinazotangazwa Marekani hazina kodi, kwa hiyo ongeza kodi kwenye hesabu yako kabla ya kuambia familia lolote. Linganisha tarehe mbili au tatu, maana siku ya katikati ya wiki nje ya likizo huwa tofauti sana na Jumamosi. Na kama tayari uko ndani, umeshika simu na kidole kiko kwenye kitufe cha kulipia pasi ya miadi, rudi kwanza kwenye orodha ya michezo uangalie saa ya karibu inayopatikana kwa ile unayoitaka. Ikiwa ni baada ya watoto kulala, usilipe.