Lenzi ya kubana kwenye simu: nimepiga nayo maua ya nyumbani, haya ndiyo maoni yangu

Kama una maua nyumbani, hata yawe ya kwenye vyungu tu, na simu yako inapiga picha safi za watu lakini ukiisogeza karibu na ua inakupa ukungu mtupu, basi soma. Natumia lenzi ndogo ya makro, yaani ya kupiga vitu vidogo kwa karibu sana, ile yenye kibanio unachokibandika juu ya kamera ya simu, na nimeizoea kiasi kwamba siingii bustanini bila kuiweka mfukoni. Naipenda sana. Ina mambo yanayokera pia, nayo nitayasema.

Kwanza ielewe inachofanya, maana wengi wanaagiza wakidhani ni darubini. Kila kamera ya simu ina umbali ambao ukisogea zaidi ya hapo haioni tena vizuri. Lenzi hii inaiwezesha kamera kusogea karibu zaidi, basi. Kwa hiyo namba iliyoandikwa ubavuni ndiyo ya kuchunguza kabla ya kutoa hela, na kubwa si lazima iwe bora. Chukua sentimita 25 uzigawe kwa namba hiyo, utapata takriban umbali kati ya lenzi na ua. Ya 5x inakuweka sentimita 5. Ya 10x, sentimita 2.5. Ya 15x inakutaka uwe chini ya sentimita 2, na hapo simu yenyewe inalitia ua kivuli, mdudu aliyetua anaruka kabla hujabonyeza, na sehemu inayoonekana vizuri inakuwa nyembamba mno: ncha ya stameni, kile kijiti cha ua kinachobeba chavua, ikiwa safi, petali iliyo nyuma yake kidogo tu imeshapotea. Kwa mtu wa maua nashauri kati ya 5x na 10x. Zinazozidi hapo waachie wanaopiga chembe za mchanga.

Sasa raha yake. Chukua boganvilia, mmea ambao watu huupita kila siku wakisema una maua mazuri ya zambarau. Ile rangi si ua. Ni majani yaliyogeuka rangi, yamekaa matatu matatu, na kila moja limebeba mrija mwembamba katikati ya mgongo wake wa ndani. Mrija ukichanua juu ndipo unapopata ua lenyewe, kinyota kidogo cheupe cha kuelekea manjano. Nilikuwa nalijua hilo kwa kusoma. Kuliona ni jambo jingine: mrija una vinyweleo vifupi pande zote, jani la zambarau limejaa mishipa iliyosukwa kama wavu, na maua matatu ya kikonyo kimoja hayachanui pamoja, moja limefunguka, jingine bado limefumba. Nilikaa palepale mpaka jua likanifukuza.

Hibiskasi ndilo ua rahisi kuanzia, kwa kuwa kila kitu chake ni kikubwa. Mhimili unaochomoza katikati umezungukwa na stameni, na kileleni una vichwa vitano vyenye manyoya laini. Chavua yake ni kubwa kiasi kwamba unaona chembe mojamoja zikiwa zimeng'ang'ania. Shida ni wekundu. Simu nyingi hulipa ua jekundu mwanga kupita kiasi, petali inatoka kama rangi iliyomwagwa, haina mshipa wala mkunjo. Gusa skrini kwenye ua na ushikilie mpaka fokasi (pale picha inapokuwa kali) na mwanga vijifunge, kisha buruta alama ya jua kwenda chini mpaka mishipa irudi. Picha itaonekana na kiza kidogo kwenye skrini. Iache hivyo, kuongeza mwanga baadaye ni rahisi, lakini wekundu ulioungua haurudi.

Asubuhi mapema ndiyo saa yangu. Upepo umetulia na mwanga haujawa mkali. Na kuna kitu nisingekitambua bila lenzi hii: yale matone yaliyopangika kwenye meno ya ukingo wa jani la mwaridi si umande wote. Umande hutapakaa juu ya jani bila mpango. Haya ya ukingoni yametoka ndani ya mmea. Usiku mizizi inaendelea kuvuta maji huku jani likiwa limefunga vitundu vyake vya kupumulia, basi maji yanasukumwa nje kupitia vitundu vingine vilivyo mwishoni mwa mishipa. Kwa karibu unaona tone moja kwa kila jino, na ndani ya kila tone picha ya bustani imepinduka, juu chini. Ukitaka ua lionekane ndani ya tone, liwe nyuma yake, na fokasi uiweke kwenye tone lenyewe.

Mchana mawingu yakitanda piga pia, hakuna ubaya. Jua la utosini achana nalo, au shika kitambaa cheupe chepesi kati ya jua na ua.

Kifaa kingine ninachokihitaji ni kipande cha kadibodi, na sababu yake ni Karl Blossfeldt, Mjerumani aliyezaliwa mwaka 1865 na kufariki 1932. Huyu alipiga picha za mimea kwa kamera alizojitengenezea, akiikuza hadi mara 30, na mara nyingi nyuma ya mmea aliweka kadibodi tupu. Ukiziangalia picha zake huoni bustani, unaona umbo. Nami nikaanza kusimika kadibodi ya kijivu nyuma ya ua, na papo hapo picha zangu zikaacha kuwa na vurugu za matawi, ndoo na kamba ya nguo. Kwa upepo, chomeka kijiti ardhini na ufunge kikonyo kwa uzi, chini ya sehemu inayoonekana kwenye picha. Kisha piga mfululizo, picha nyingi kwa mkupuo, uchague.

Faida nyingine sikuitarajia kwenye kifaa cha picha: afya ya mimea. Nikipiga upande wa chini wa majani machanga nawaona vidukari, wale wadudu wadogo wanaofyonza utomvu, wangali wachache, na vile vijiganda vyeupe wanavyovua wanapokua, ambavyo kwa macho matupu unadhani ni vumbi. Nawaosha kwa maji ya kasi mapema. Siku nyingine nimemkuta mbawakawa mdogo mwekundu mwenye madoa meusi akiwala, hapo siguswi na haja ya kuosha, namwachia kazi.

Haya, yanayokera. Katikati ya picha ni safi kabisa, lakini pembeni panalegea, na kingo za petali nyeupe zinapata utepe mwembamba wa zambarau. Kwa hiyo ninaweka ua katikati na kukata pembe baadaye. Kibanio ndicho udhaifu mkubwa. Juu ya kava nene hakikai sawa, kikisogea kidogo tu kona moja ya picha inakuwa nyeusi. Na ikiwa simu yako ina kamera zaidi ya moja, chunga: ukisogea karibu baadhi ya simu huhamia zenyewe kamera nyingine ambayo lenzi haijaifunika. Tafuta kwenye mipangilio pa kuzima hilo kabla ya kulaumu lenzi. Futa kioo cha simu pia kabla ya kubana, punje ya mchanga chini ya mpira wa kibanio inaweza kuacha mkwaruzo.

Anayetaka vipepeo asinunue, hawatamsubiri asogee hivyo. Na kama simu yako tayari ina makro nzuri ya kwake, ijaribu hiyo kwanza.

Naipa nyota nne kati ya tano. Ya tano imezuiwa na kibanio. Kuna aina zinazofungwa kwa skrubu kwenye kava yake maalumu, na hiyo ndiyo nitakayochukua hii ikichoka.