Jambojet kati ya Nairobi na Mombasa: nauli inavyopanda na wakati wa kukata tiketi

Steji ya mabasi, makanga aliyebakiza viti vitatu hushusha bei ili gari liondoke. Ndege hufanya kinyume. Viti vitatu vya mwisho ndivyo ghali kuliko vyote, na anayesubiri mpaka dakika za mwisho akitumaini kupunguziwa huishia kulipa maradufu au zaidi. Kampuni inajua wanaonunua usiku wa kuamkia safari ni akina nani: mfanyabiashara aliyeitwa mkutanoni, mgonjwa, jamaa anayewahi mazishi. Hao watasafiri hata bei ikiwaje.

Jambojet, kampuni tanzu ya Kenya Airways iliyoanza kuruka Aprili 2014, inafaa kupimwa kwa hesabu hii, kwa kuwa kila kitu chake kimejengwa juu ya bei. Hutumia ndege za propela aina ya Dash 8-400 zenye viti 78. Shika namba hiyo. Boeing 737-800 ya Ryanair kule Ulaya ina viti 189, kwa hiyo hata kampuni ikitenga viti vingi vya bei ya chini, kwenye ndege ndogo huwa ni vichache na huisha upesi. Tangazo la “kuanzia shilingi kadhaa” halidanganyi, ila neno la kulisoma kwa makini ni “kuanzia”.

Viti vyote 78 huenda safari ileile, lakini ndani ya mfumo wa mauzo vimegawanywa mafungu, kila fungu na nauli yake. Tuseme, kwa mfano wa hesabu tu, fungu la chini lina viti 8 kwa shilingi 4,500, linalofuata viti 10 kwa 5,700, la tatu 7,200, na kuendelea. Kiti cha nane kikiuzwa, mteja wa tisa anaona 5,700 hata kama safari iko miezi miwili mbele. Juu ya hayo, wataalamu wa kampuni hutazama mauzo ya kila safari. Ikijaa haraka kuliko walivyotarajia, hufunga mafungu ya chini mapema. Ikisuasua, huyafungua tena. Ndiyo maana bei ya Jumatatu inaweza kushuka Jumatano bila tangazo lolote.

Hapa ndipo familia nyingi hupoteza pesa. Ukitafuta tiketi za watu wanne wakati fungu la chini limebakiza viti viwili, kwa kawaida mfumo hauwagawi wawili kwa bei hii na wawili kwa ile. Wote wanne wanapewa bei ya fungu lenye nafasi nne. Kwa hiyo tafuta kwanza kwa mtu mmoja, kisha wawili, kisha watatu, ukiangalia bei ya kila kichwa inaruka wapi. Ikiruka kwa mtu wa tatu, nunua mbili kwa malipo ya kwanza na mbili kwa malipo ya pili. Kwa mfano wetu, hiyo ni 20,400 badala ya 22,800. Ila mgawane ipasavyo: mtoto akatiwe tiketi kwenye malipo yaleyale na mtu mzima, kwa sababu safari ikifutwa, waliokatiwa kwa malipo mawili wanaweza kuhamishiwa ndege mbili tofauti.

Wengi huamini kuwa kutafuta safari ileile mara nyingi hupandisha bei. Mara nyingi sababu ni nyingine: mtu ameanza kununua, viti vikashikwa kwa muda, na asipolipa vinarudi sokoni. Bei ikipanda ghafla, rudi baada ya saa moja au mbili kabla ya kukata tamaa. Na unapolipa kwa M-Pesa, weka salio la kutosha kabla hujaanza. Malipo yakikwama, nafasi yako huachiwa na fungu lako linaweza kuchukuliwa na mwingine.

Basi, lini? Kwa Jumanne, Jumatano au Jumamosi mchana katika miezi tulivu, wiki tatu hadi nne kabla zinatosha. Kwa Ijumaa jioni kwenda pwani na Jumapili jioni kurudi Nairobi, anza kutafuta wiki sita hadi nane kabla. Safari za alfajiri siku ya Jumatatu hujaa watu wa kazi. Za katikati ya mchana ndizo hubaki na mafungu ya chini kwa muda mrefu. Pasaka, likizo za shule za Aprili na Agosti, na wikendi zinazoungana na sikukuu kama Madaraka tarehe 1 Juni au Mashujaa tarehe 20 Oktoba, zihesabu kama Krismasi ndogo. Krismasi yenyewe, nunua Septemba au mapema Oktoba.

Msimu huo una mwelekeo. Kabla ya tarehe 25 Disemba watu humiminika kutoka Nairobi kwenda pwani. Baada ya Mwaka Mpya mkondo hugeuka. Anayeishi Mombasa akataka kwenda Nairobi tarehe 22 Disemba anakwenda kinyume cha umati, na mara nyingi anapata bei nzuri hata akichelewa kidogo. Kwa kuwa kwenda na kurudi huuzwa kama safari mbili zinazojitegemea, hakuna hasara kuruka na Jambojet kwenda na kurudi kwa kampuni nyingine, au kwa treni.

Treni isisahaulike. Tangu Januari 2024 daraja la kawaida la SGR, treni ya reli ya kisasa kati ya Nairobi na Mombasa, ni shilingi 1,500, na bei hiyo haipandi kwa kuchelewa. Kinachoisha ni viti tu. Familia ya watu watano inayosafiri Disemba bila tiketi za ndege za mapema, jibu letu ni treni, bila kusitasita, mradi viti bado vipo. Msafiri mmoja mwenye shughuli ya siku moja, ndege ya saa moja inamfaa zaidi.

Anayekwenda Diani, kwenye fukwe za kusini mwa Mombasa, alinganishe pia bei ya kutua Ukunda, uwanja mdogo ulio karibu na hapo. Nauli inaweza kuwa juu kuliko ya Mombasa, lakini kwenye nauli ya Mombasa ongeza gharama ya teksi kutoka uwanja wa ndege wa Moi hadi Diani, kisha uamue.

Udhaifu mkubwa wa nauli za chini ni ugumu wake. Ukibadilisha tarehe, unalipa ada ya mabadiliko pamoja na tofauti ya nauli ya siku hiyo mpya, na tofauti hiyo ndiyo huuma, kwa sababu mafungu ya chini huwa yamekwisha. Kwa hiyo tiketi ya bei ya chini mnunulie mtu mwenye tarehe isiyotetereka, kwa jina lililo kwenye kitambulisho herufi kwa herufi. Mkoba wa mkononi ni kilo 7. Begi kubwa lilipie wakati uleule wa kukata tiketi, maana kwenye kaunta ya uwanjani hugharimu zaidi, na begi moja lililosahaulika linaweza kumeza akiba yote uliyoipata kwa kuwahi.