Duka la betri la Unga Limited lililokataa kuniuzia betri moja

Pikapu yangu ya dizeli, inayobeba vitunguu kutoka Mang'ola hadi Arusha, ina betri mbili za volti 12 zilizounganishwa chanya kwa chanya na hasi kwa hasi, ili volti zibaki 12 huku nguvu ya kuzungusha injini ikiongezeka. Mwezi Julai, baridi ya alfajiri ilipozidi, stata ilianza kusuasua. Miezi minane kabla ya hapo muuzaji mwingine alikuwa amenibadilishia betri ya kushoto peke yake, akinihakikishia kuwa ya kulia ni nzima. Sasa niliona ya kulia ndiyo iliyochoka, kwa hiyo nilikwenda Unga Limited, mtaa wa hapa Arusha, kununua hiyo tu.

Fundi wa duka hilo hakuanza na bei. Alinieleza kwamba betri zilizofungwa namna hiyo husoma volti zilezile, hivyo ukizipima zikiwa pamoja huwezi kuijua iliyo mbovu. Akafungua nyaya, akitanguliza za hasi, na kuniomba niliache gari hadi alasiri ili betri zitulie. Niliporudi, betri ya kushoto ilisoma volti 12.3 na ya kulia 11.9, ilhali betri iliyojaa husoma takriban 12.6. Kisha akazipima kwa kifaa kinachoilazimisha betri itoe umeme mwingi kwa mkupuo: ya kulia ilianguka chini ya volti 9 papo hapo, na ya kushoto, niliyoihesabu kuwa mpya, nayo ilikuwa imechoka. Gari linapolala, betri dhaifu huinyonya iliyo nzima usiku kucha, na betri kama hizi, zenye sahani za madini ya risasi, inayokaa muda mrefu bila kujaa hujenga salfeti ngumu kwenye sahani zake, ambayo huipunguzia uwezo wa kushika chaji. Niliumia kusikia hayo, kwa sababu fedha za betri ile nilizitoa kwa taabu.

Alikataa kabisa kuniuzia moja. Alinitolea betri mbili za saizi ya N70, za kampuni moja, zenye tarehe ya kutengenezwa inayolingana, akanionya nisije nikachanganya betri ya maji, inayoongezwa maji, na betri kavu, iliyofungwa kabisa, kwenye gari moja. Nilichagua za maji, kwa kuwa safari zangu ni za joto na mitikisiko na ninapenda kuzikagua mwenyewe kila wiki, ingawa asiye na nafasi hiyo naona afadhali achukue kavu. Kabla ya kufunga alibadilisha kebo inayounganisha betri hizo mbili, iliyokuwa imeliwa na kutu ya kijani, akakaza vibano ili betri zisicheze, na alipowasha injini alipima chaji ya alteneta: volti 14.2, kiwango kizuri.

Bei yao iko juu kuliko ya maduka ya jirani, ingawa walinipunguzia kwa kuzichukua zile za zamani, na kuacha gari kutwa nzima ni hasara kwa mfanyabiashara. Risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, nilipewa bila kuomba. Cheti cha dhamana, hata hivyo, kilikuwa na namba ya betri moja tu hadi nilipodai ya pili iandikwe, na ninamsihi kila mteja akisome kabla hajaondoka.