Mashine ya mezani ya kufungia vizibo vya bia: uzoefu wangu

Siku ya kupika bia ina raha yake. Kimea kinanukia, hopsi (yale maua yanayoipa bia uchungu) zinachemka, mtu unakoroga huku unapiga soga. Siku ya kutia kwenye chupa ndiyo inayowakimbiza watu. Lita 20 zilizokwisha kuchachuka ni chupa 40 za nusu lita, au 60 hivi za mililita 330, na kila moja inataka kuoshwa, kuuliwa vijidudu, kujazwa na kufungwa. Kwa muda mrefu nilifunga kwa kile kifaa cha mikono miwili ambacho karibu kila mwanagenzi huanza nacho, kisha nikahamia mashine ya mezani, ile yenye nguzo na mpini mmoja wa kushusha. Nimeitumia vya kutosha kujua inafaa wapi na inakera wapi. Hukumu yangu naitoa mapema: sirudi nilikotoka, ingawa aliyeitengeneza anastahili kuambiwa mawili matatu.

Kifaa cha mikono miwili kisidharauliwe. Ni chepesi, kinaingia kwenye droo, na kikipata chupa ya kukifaa kinafunga barabara. Shida ni kwamba hakipatani na kila chupa. Kina vibati viwili vinavyokamata chini ya ule mkunjo wa glasi ulio shingoni, chini kidogo ya mdomo. Ukikandamiza mikono, vibati vinavuta shingo kwenda juu na kikombe, kile kipande cha chuma kinachofunika kizibo, kinakisukuma kwenda chini, kwa hiyo nguvu yote inabebwa na shingo. Mkunjo ukiwa mnene, hakuna neno. Ukiwa mwembamba, au umekaa mahali ambapo vibati havifiki vizuri, kifaa kinateleza, kizibo kinakaa upande, na mara nyingine shingo inakatika ukiwa umeishika. Bia hiyo inamwagwa hata kama ulikuwa na kiu ya namna gani, maana vipande vya glasi havichujwi kwa macho.

Ya mezani haigusi shingo. Chupa inasimama kwenye kitako, kikombe kinashuka kutoka juu, nguvu inapita wima hadi chini. Glasi inayobanwa wima huvumilia mengi, ndiyo maana tangu nihamie huku hata zile chupa za shingo nyembamba nilizokuwa nimezitenga zimerudi kazini.

Namna ya kuitumia haihitaji kufundishwa, ila kuna jambo mkono wako utajifunza wenyewe. Unashusha mpini polepole hadi kikombe kimeze kizibo. Hapo unaanza kuhisi upinzani, na unazidi kadiri meno ya ukingoni mwa kizibo yanavyokunjwa. Kisha upinzani unaachia kidogo na mpini unagota. Umemaliza. Kuendelea kuukandamiza kwa hasira hakuongezi kitu, sana sana unaiumiza mashine. Chupa ya kwanza na ya mwisho zinapata mkandamizo uleule, na kwangu hiyo ndiyo thamani yenyewe. Kwa kile cha mikono miwili, zile chupa za mwishomwisho, viganja vikiwa vimechoka, zilikuwa zinafungwa kwa kubahatisha.

Sasa lawama. Sumaku ya ndani ya kikombe, inayopaswa kushika kizibo, ni dhaifu. Ukitikisa meza kizibo kinaanguka. Mimi nimeacha kuitegemea: natandaza vizibo juu ya midomo ya chupa kwanza, kisha nazipitisha moja moja. Tena hivyo ni bora, kwa sababu bia iliyotoka kujazwa huachia gesi kidogo, na gesi hiyo inasukuma hewa nje kabla hujafunga. Kitako nacho ni chembamba. Bila kukifunga kwa skrubu kwenye ubao mpana, mashine inainama kila unapovuta mpini. Na kurekebisha kimo ni kuchomoa pini, kupandisha, kutafuta tundu, kurudisha pini. Ukiwa na chupa za vimo vitatu vilivyochanganyika utatukana. Dawa ni kuzipanga kwa kimo kabla hujaanza kujaza, si baada.

Kuhusu ubora wa kufunga kwenyewe, hapa ndipo watu wengi hawaangalii kabisa. Kizibo tunachokijua alikivumbua William Painter wa Baltimore, Marekani, akapata hataza yake mwaka 1892. Cha leo kina meno 21, na mahali pa kile kipande cha koki cha zamani pana utando laini wa plastiki. Utando huo ndio unaozuia gesi. Kazi ya meno ni kuukandamiza na kuushikilia hapo. Kizibo kipya kina upana wa milimita 32 hivi, na kikishabanwa vizuri kinabaki karibu 28.7. Nilichukua kalipa, kifaa cha kupimia upana wa vitu vidogo, nikapima vizibo vya mashine hii katika pande mbili tofauti, na tofauti kati ya chupa na chupa ilikuwa ndogo mno. Kile kifaa cha mikono miwili kilikuwa kinaacha vizibo vingine vikiwa na umbo la yai: upande mmoja umeshika, mwingine umechanua. Kizibo cha namna hiyo ukikitazama kwa juu hakina kasoro. Utakuja kukijua wiki kadhaa baadaye, unapofungua bia na isitoe hata mlio.

Kama huna kalipa, jaribu kukizungusha kizibo kwa vidole. Kikizunguka, kifungue uweke kingine. Kisha ilaze chupa chini na uone kama kuna kinachovuja.

Angalia pia saizi ya mdomo. Chupa nyingi huchukua vizibo vya milimita 26, lakini baadhi za Ulaya, hasa zile nene zenye umbo la chupa za shampeni, huchukua vya 29, na hizo zinataka kikombe chake. Mashine yangu ilikuja na kikombe cha 26 tu. Chupa za kuzungusha kwa mkono, zenye hesi mdomoni, ziache. Kizibo cha kawaida hakina uhakika wa kukaa vizuri juu ya hesi. Na rangi iwe kahawia. Mwanga ukipenya glasi nyeupe au ya kijani unavunja viini vya uchungu vya hopsi, na bia inaanza kunuka kicheche.

Nilinunua pamoja nayo kijiti cha kujazia, kile bomba kigumu chenye vali ya springi nchani. Kwa pesa ndogo, sioni kifaa kingine kinachopunguza kero kama hiki. Unakizamisha hadi chini ya chupa, kikigusa kitako bia inatiririka, ukikiinua inakata. Bia inapanda kimyakimya bila kuchapwa na hewa. Ukijaza hadi ukingoni na kukichomoa, nafasi inayobaki juu inakuwa sentimita mbili tatu, ndiyo inayotakiwa. Vizibo vya kunyonya oksijeni nilivijaribu pia. Kwa bia inayonywewa mapema sikuona tofauti ya maana. Kwa bia ya kuwekwa muda mrefu vina mantiki, ila usiviloweke kwenye dawa ya kuua vijidudu kwa saa nzima, maana unyevu ndio unaoviamsha na vitakuwa vimeanza kazi yao ndani ya bakuli.

Kuna sifa moja ambayo mashine hii haina, na wauzaji hupenda kuiachia ieleweke vibaya: kufunga kwa nguvu hakukulindi na chupa kupasuka. Kwa kweli kizibo kilichoshika sawasawa kinafanya gesi isipate pa kutokea. Kwa hiyo usalama unaanzia kwenye ndoo ya kuchachushia. Haidromita, kile kipimo cha kuelea kinachoonyesha sukari iliyobaki, itoe kipimo kilekile siku mbili tatu mfululizo, ndipo uzungumzie chupa. Sukari ya kutengeneza gesi ipime kwa mizani, si kwa kijiko. Gramu 4 hivi kwa lita huongeza ujazo mmoja wa kaboni dioksidi, yaani lita moja ya gesi kwa lita moja ya bia, na bia iliyochachukia kwenye nyuzi 20 tayari inabaki na karibu 0.85, kwa hiyo ukitia gramu 6 kwa lita unafika kwenye 2.3 au zaidi kidogo, ambayo ni ya kawaida kwa bia nyingi. Ichemshe na maji kidogo, iache ipoe, imimine kwenye ndoo safi, kisha bia iingie juu yake taratibu ijichanganye. Wanaotia kijiko cha sukari chupa kwa chupa waendelee na ushujaa wao.

Baada ya hapo ni kuziacha kwenye joto la nyuzi 20 hivi, gizani, wiki mbili. Mimi hujaza pia chupa moja ya plastiki ya soda kutoka ndoo hiyohiyo. Ikiwa ngumu ukiiminya, na zile za glasi ziko tayari. Ikigeuka jiwe mapema kuliko kawaida, zihamishie zote kwenye friji haraka na uzishike kwa kitambaa kinene.

Anayepika lita tano kwa kujifurahisha mara moja moja hana haja ya mashine hii. Chupa za kizibo cha kauri na waya, zenye kipete cha mpira, zitamtosha, mradi kipete kibadilishwe kikianza kukauka na kupasuka. Ila kama ndoo yako ni ya lita 20 na unairudia mara kwa mara, nunua ya mezani, na kabla hujalipa muulize muuzaji kama anauza kikombe na springi yake peke yake. Springi ya yangu imeanza kulegea, na niliponunua hawakuwa na ya akiba.